Miguu Iliyofika Kwenye Theluji

Karagwe haina theluji. Mtu aliyezaliwa Kayanga au Nkwenda huujua ukungu wa asubuhi unaolala juu ya bonde la mto Kagera, huijua mvua ya mawe inayochana majani ya migomba, na aghalabu huzeeka asijue baridi kali kuliko hiyo. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza mtu wa huko ana shughuli gani na viatu vya kupandia barafu. Majibu yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba baadhi ya wageni walioandika habari za milima mirefu ya Afrika ya Mashariki walipita kwetu wakala chakula chetu, na habari za safari zao zina jambo juu ya miguu ya watu ambalo nadhani halijasomwa vizuri. La pili ni jozi ya viatu niliyoinunua katika soko la Omurushaka, nami nitaieleza kwa wakati wake.

Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama Rumanika mwezi wa Novemba 1861. Kutoka katika vilima vya Karagwe Speke aliona, mbali upande wa magharibi, vilele vilivyochongoka ambavyo wenyeji waliviita Mfumbiro. Leo twaviita Virunga. Kimoja chao, Karisimbi, chenye kimo cha mita 4,507, hupata weupe kichwani wakati wa baridi, na jina lake hufasiriwa kuwa limetokana na weupe wa simbi, zile kauri ambazo zamani zilikuwa fedha yetu, na ambazo kwa lugha za kwetu bado ni jina la fedha. Hapakuwa na haja ya darubini ili kuona kwamba kilele kile kilifanana na kauri. Lakini Grant hakuweza kuvitembelea vilima hivyo kwa raha. Mguu wake ulishikwa na kidonda kibaya, na mwezi wa Januari 1862 Speke akamwacha kwa Rumanika, yeye akaenda Buganda. Grant alitoka Karagwe mwezi wa Aprili, tena kwa kubebwa. Safari kubwa iliyotafuta chimbuko la Nile ilikatika vipande viwili kwa ajili ya mguu mmoja.

Miaka ishirini na saba baadaye alipita Henry Morton Stanley, akitoka kumchukua Emin Pasha. Stanley hakuwa mgeni Karagwe, maana mwaka 1876 alikwisha kukaa na Rumanika na kuzitazama chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo sasa zimo katika Wilaya ya Kyerwa. Safari hii alikuwa na habari mpya, nayo ni Rwenzori. Mwaka 1888 vijana wa msafara wake walimwonyesha mlima wakasema umefunikwa na chumvi. Wako waliolicheka neno hilo. Mimi silicheki. Mtu huita kitu kigeni kwa jina la kitu ambacho mkono wake umekishika, na mtu wa pwani ameshika chumvi tangu utoto wake. Mwezi wa Juni 1889 Luteni William Grant Stairs alipelekwa kuupanda mlima huo pamoja na kundi la watu wa Unguja. Walifika futi 10,677, wakarudi bila kuigusa chumvi ile. Majuma machache baadaye msafara wote ulikuwa ukikatiza Karagwe kuelekea kusini. Watu walioishia chini ya theluji ya Rwenzori ndio waliokanyaga njia zetu, na sioni sababu ya kudhani kuwa mabibi na mababu zetu hawakuwauliza walikuwa wameona nini.

Swali ninalotaka kulitafuta ni jepesi kulitaja: kwa nini waliishia hapo? Na kwa nini, katika milima yetu mitatu mirefu, yaani Kilimanjaro, Kenya na Rwenzori, kitabu baada ya kitabu chaandika kwamba mwenyeji alisimama kwenye mpaka wa theluji na mgeni akaendelea peke yake?

Jibu la mazoea ni hofu. Husemwa kwamba wenyeji waliogopa pepo, au Mungu, au mizimu iliyokaa juu. Sikatai kwamba imani hizo zilikuwako, na nyingine zingaliko. Wakonzo wa Rwenzori huiita theluji Nzururu, na jina hilo lina uzito wa ibada ndani yake. Walakini mtu aweza kumcha Mungu wa mlima na bado akaupanda, kama vile mabaharia wetu wamwogopavyo Mungu wa bahari na kila siku wakatweka tanga. Nionavyo mimi, kilichowasimamisha watu wengi kilikuwa chini ya miguu yao. Hawakuwa na viatu.

Ushahidi wa kwanza watoka Machame. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alipomwuliza kiongozi wake ule weupe ni kitu gani, alijibiwa kuwa ni baridi tu. Baadaye akasimuliwa kwamba zamani mtawala mmoja wa Machame aitwaye Rungua, baba yake Mamkinga, alituma kundi kubwa la watu wapande wakachunguze kitu kile cheupe, kwa kuwa ilidhaniwa huenda ni fedha. Aliyerudi alikuwa mmoja tu, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika. Watu wa wakati ule walisema ni kazi ya pepo. Lakini mtu yeyote aliyepata kuyasoma maradhi ya milimani atatambua mara moja kwamba mtu huyo aligandishwa nyama na baridi, na kwamba ugonjwa ulianza mahali uanzapo siku zote, yaani katika vidole.

Hapa naomba kusimama kidogo. Katika miaka hiyohiyo alikuwako London mwanajiografia aliyeitwa Desborough Cooley, ambaye aliketi katika chumba chake akakana kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Rungua hakukana wala hakukubali. Alituma watu wakapime. Kati ya hao wawili, ni nani aliyefanya kazi ya elimu? Watu wa Machame walipanda kwa kutaka kujua, na mlima ukawashinda kwa sababu ambayo ngozi na uzi vingaliweza kuipunguza.

Ushahidi wa pili ni wa Agosti 1871. Charles New, mmisionari Mwingereza, aliupanda Kilimanjaro kutoka Moshi, na wachukuzi wakamwacha mmoja mmoja kwa baridi. Aliyebaki naye hadi karibu na theluji alikuwa kijana wa pwani aitwaye Tofiki. Nguvu zilipomwishia Tofiki, New alikwenda mbele peke yake akaishika theluji kwa mkono, na vitabu vikamwandika kuwa wa kwanza. Sina ugomvi na New, ambaye hakumficha mwenziwe bali alimtaja kwa jina. Ila jina la Tofiki limebaki ndani ya kitabu, nalo la New limetoka nje.

Ndipo akaja Hans Meyer. Tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Ludwig Purtscheller, mpandaji hodari wa Austria, walifika kilele cha Kibo. Walikata ngazi katika barafu kwa shoka, hatua baada ya hatua, na nyayo za viatu vyao zilikuwa na misumari. Katika kambi ya juu, yapata mita 4,300, alikaa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Msomaji apige hesabu mwenyewe: mtu aliyelelewa kando ya bahari ya joto, siku nyingi mahali ambapo maji huganda usiku, akiwangojea wenye viatu washuke. Marangu husimuliwa pia juu ya Yohani Kinyala Lauwo kwamba aliwaongoza Wajerumani hao, na wanahistoria wangali wakibishana juu ya neno hilo. Mimi simo katika ubishi huo. Nataka tu ieleweke kwamba katika masimulizi yote mawili, la Pangani na la Marangu, jambo la kuuliza si kwamba mtu alithubutu au hakuthubutu. La kuuliza ni alivaa nini.

Mlima Kenya ulipandwa tarehe 13 Septemba 1899 na Mwingereza Halford Mackinder pamoja na viongozi wawili kutoka Courmayeur, kijiji cha milimani katika Italia, nao ni César Ollier na Joseph Brocherel. Huko juu walikuta barafu ngumu hata ikaitwa Almasi, na kuivuka kuliwapotezea saa nyingi za kukata ngazi. Wawili haohao walirudi Afrika mwaka 1906 pamoja na Joseph na Laurent Petigax, wakimfuata Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, ambaye tarehe 18 Juni alifika kilele cha Margherita, mita 5,109, katika Rwenzori. Mizigo ya safari ile ilifikishwa Bujongolo, chini ya mwamba ulioko karibu mita 3,800, na Wakonzo waliotembea peku juu ya mizizi, matope na mawe yaliyoota kuvu. Katika nchi kama ile, mguu mtupu hushika kuliko kiatu. Hilo nalo lastahili kuandikwa: hadi kwenye mpaka wa barafu peku ilikuwa bora, na juu ya mpaka huo peku ilikuwa kifo. Mabadiliko hayo huja ghafula katika mwendo wa saa moja, na ndiyo yaliyowagawa watu katika makundi mawili ya historia.

Mtawala huyo aliyapa majina milima aliyoikuta. Mmoja aliuita Speke, kwa heshima ya yule mgeni wa Rumanika, ambaye alikufa mwaka 1864 bila hata kuiona Rwenzori. Mwingine aliuita Stanley, mwingine Emin. Mlima Tofiki haupo.

Tuseme sasa habari ya kiatu chenyewe, maana wanafunzi wengi hudhani ni kitu kilichokamilika tangu zamani. Si hivyo. Kiatu cha akina Meyer na Mackinder kilikuwa cha ngozi nene iliyopakwa mafuta, na soli iliyopigwa misumari kuizunguka. Misumari ilishika barafu kidogo na mawe zaidi, lakini chuma hupitisha baridi, na kila msumari ulikuwa mlango wa kuutolea nje joto la mguu. Ngozi nayo ililowa mchana ikaganda usiku. Mwaka 1908 Mwingereza Oscar Eckenstein alitoa umbo jipya la meno ya chuma, kumi kwa kila mguu, ya kufungwa chini ya kiatu, na mhunzi Henry Grivel wa Courmayeur, kijiji kilekile cha Ollier na Brocherel, akayafua. Mwaka 1929 Laurent Grivel aliongeza meno mawili yanayotokeza mbele, na tangu hapo mtu aliweza kuukabili ukuta wa barafu uso kwa uso, akisimama juu ya ncha za vidole, badala ya kukata ngazi mchana kutwa. Ila meno hayo yalidai kiatu kigumu kisichopindika, kwa sababu chuma kilichofungwa juu ya soli laini hulegea na kuchomoka, nacho huchomoka mahali pasipo na nafasi ya kukifunga upya.

Soli ya mpira yenye mikato mirefu, ambayo leo tunaiona hata katika viatu vya walinzi wa maduka, ilizaliwa kwa msiba. Mwaka 1935 wapandaji sita wa Italia walikufa katika mlima wa Punta Rasica. Walikuwa wameacha chini viatu vyao vizito, wakapanda kwa viatu vyepesi, na tufani ikawakuta. Rafiki yao Vitale Bramani, aliyekuwa pamoja nao katika safari ile, alirudi akitafuta kiatu kimoja cha kufaa mwamba na theluji pamoja, na mwaka 1937 soli yake ikapata hati. Nayataja haya ili isidhaniwe kwamba baridi iliwachagua watu wa Machame. Watu waliozaliwa katikati ya theluji, siku viatu vyao vilipokuwa mbali, walikufa kama wao.

Tena iko habari ya Nanyuki. Mwaka 1943 mateka watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi yao kwa kusudi moja tu, kuupanda Mlima Kenya. Hawakutaka kukimbia, walitaka mlima. Kwa miezi mingi kabla ya hapo walitengeneza kwa siri meno ya chuma na mashoka ya barafu kutokana na mabaki ya vyuma. Wawili kati yao walifika Lenana, kisha wote wakarudi kambini wakajisalimisha. Kitu cha kwanza walichofikiria hawa watu wenye njaa hakikuwa chakula wala ramani, kilikuwa namna ya kusimama juu ya barafu. Walijua.

Nami nilikuwa sijui. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na wenzangu wawili walikuwa wamenishawishi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wakati wa likizo. Katika mitumba ya Omurushaka niliona viatu vya kijivu, vizito, vyenye kichwa kigumu na ukingo uliotokeza mbele na nyuma. Muuzaji alinisifia kuwa ni vya jeshi la Ulaya. Kwa kweli vilikuwa viatu vya barafu hasa, ule ukingo ukiwa wa kupachika meno ya chuma, na sasa najua kwamba mpandaji wa Marangu havihitaji. Nilivijaribu asubuhi, nikiwa nimeketi juu ya gunia, bila soksi. Vilinikaa kama vilivyoumbwa kwa ajili yangu, nikavilipia nikiona nimempunja muuzaji.

Siku ya pili, huko Horombo, kwenye mita 3,720, nilivua nikakuta malengelenge visiginoni. Mzee mmoja miongoni mwa viongozi alikuwa akipita na birika la chai.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, nikijaribu kuificha miguu yangu.

"Marahaba, mwanangu. Kiatu hiki ulikijaribu asubuhi."

Hakuuliza. Aliketi, akakichukua, akakigeuza huku na huku kama fundi viatu anayetafuta mahali pa kutia sindano. Kisha akanipa somo ambalo sijalisikia likielezwa vizuri zaidi darasani. Mguu, alisema, huvimba kutwa, tena milimani huvimba zaidi. Basi kiatu hujaribiwa jioni, baada ya mwendo, na soksi zilezile utakazopandia. Usikifunge kwanza. Sukuma mguu mbele hata vidole viguse, kisha tia kidole cha mkono nyuma ya kisigino: kikiingia kimoja, kiatu ni chako; kikikataa, utaziacha kucha zako mlimani; vikiingia viwili, kisigino kitachezacheza na ngozi itachunika. Halafu funga, simama, teremka mahali penye mteremko, maana kupanda hakukionyeshi kiatu, kushuka ndiko kunakokionyesha. Vidole lazima viweze kucheza. "Wengi huvaa soksi tatu ili wapate joto," akasema, "wakakaza kamba, damu ikafungiwa nje ya nyumba yake, na vidole vikafa ganzi ndani ya sufi." Akaongeza kwamba kiatu kizito kisichokuwa na kazi ni mwizi: ratili moja mguuni ni sawa na ratili tano mgongoni.

Nilimtazama miguu. Alikuwa amevaa buti alizoachiwa na mgeni fulani, kubwa kuliko mguu wake, na nafasi iliyobaki ameijaza vitambaa. Aliyoniambia yote aliyajua, na hakuweza kuyatimiza hata moja.

Nilifika Gillman, mita 5,685, nikageuka hapo. Katika kushuka nilipoteza kucha mbili, kama alivyosema. Mzee yule alifika Uhuru na wenzangu, akarudi na vitambaa vyake.

Tangu siku hiyo nimezisoma upya habari za Stairs, na za New, na za Meyer, na kila wanapoandika kwamba wachukuzi walikataa kuendelea, mimi huuliza kama mzee yule: viatu vilijaribiwa lini? Watu wenye viatu hawakusimama. Tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, aliyeusimika mwenge juu ya Kilimanjaro alikuwa Luteni Alexander Nyirenda, mwanajeshi, mtu aliyepewa viatu kwa kazi yake. Na viongozi wa Kichaga walikuwa wameshakizoea kilele kile kwa miaka mingi kabla yake, tangu walipoanza kupata buti za wageni walioshuka.

Siku hizi mambo yamesogea mbele. Mzigo wa mchukuzi wa Kilimanjaro umewekewa mpaka wa kilo 20, na tangu mwaka 2003 kuna chama huko Moshi kinachowaazima wachukuzi viatu na mavazi ya baridi bila malipo. Ni jambo jema, ingawa neno "kuazima" lenyewe laeleza mengi. Wakati huohuo barafu inaondoka. Kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza sehemu 85 katika kila 100 za barafu yake, na ya Rwenzori imekonda vivyo hivyo. Ile iliyopewa jina la Speke imebaki vipande. Huenda wajukuu wa wachukuzi wale watapata viatu vya kutosha mwaka uleule ambao kitu cha kuvivalia kitakuwa kimekwisha.

Viatu vyangu vya kijivu sikuviuza. Viko nyumbani Nkwenda. Kaka yangu, ambaye mguu wake ni mwembamba kuliko wangu, huvivaa wakati wa masika akienda kupalilia migomba, na asema havipitishi maji hata kidogo.